Historia si Orodha ya Hoja Sita

Ipo insha moja ambayo kila mwalimu wa Historia katika nchi hii ameisoma mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Insha hiyo huanza kwa kusema kwamba tukio linaloulizwa lilisababishwa na mambo ya kisiasa, ya kiuchumi na ya kijamii, na kwamba zifuatazo ni sababu zenyewe. Kisha hufuata aya sita zenye urefu uliolingana kama matofali ya kiwanda kimoja. Mwishoni huja maneno "kwa kuhitimisha", na baada yake hurudiwa sentensi ya kwanza. Liwe swali la Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884, liwe la kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, insha ni ileile. Mtahiniwa wa Tarime na mwenzake wa Masasi, ambao hawajapata kuonana maishani mwao, wameandika karatasi moja.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni dalili ya mafanikio. Watasema kwamba wanafunzi wetu wamefundishwa sawasawa, kwamba mada zimekamilishwa, na kwamba kila kijana amepata haki yake. Mimi naliona kuwa ni aibu, na nakusudia kulieleza bila kumung'unya maneno. Tumelinyonga somo la Historia kwa mikono yetu wenyewe, na kamba tuliyoitumia ni mtihani.

Sisemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Mwandishi wa makala haya alifundisha Historia katika shule ya sekondari kwa miaka kadhaa, na alikuwa hodari sana wa kazi hii anayoishutumu leo. Nilikuwa na daftari moja lenye jalada gumu, ambalo nililirithi kwa mwalimu aliyenitangulia, naye nadhani alilirithi kwa mwingine. Kila muhula nililitoa kabatini, nikaandika ubaoni yaliyomo, wanafunzi wakanakili. Chini ya kichwa cha Vita vya Maji Maji palikuwa na orodha mbili: sababu sita za kushindwa kwa wananchi, na matokeo sita ya vita. Katika orodha ya kwanza kulikuwa na silaha duni, imani ya maji, ukosefu wa umoja, uongozi uliotawanyika, nguvu ya jeshi la Wajerumani, na njaa. Katika orodha ya pili kulikuwa na vifo, kuharibiwa kwa vijiji, kunyongwa kwa viongozi, kudhoofika kwa uchumi, mabadiliko katika utawala wa Wajerumani, na njaa.

Siku moja msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mkimya, aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, alinyosha mkono. Akasema: "Mwalimu, njaa umeiandika pande zote mbili. Sasa, njaa ndiyo iliyowafanya washindwe, au kushindwa ndiko kulikoleta njaa?"

Nilimjibu hivi: "Andika kama ilivyo ubaoni. Ukiulizwa sababu utaitaja, na ukiulizwa matokeo utaitaja pia. Alama utapata." Darasa zima likacheka. Msichana yule akainamisha kichwa, akanakili. Hakuniuliza swali jingine mpaka alipomaliza shule.

Nimeishi na jibu lile kwa miaka mingi, na kila nikilikumbuka naona haya. Maana swali la msichana yule ndilo lililokuwa Historia, na daftari langu lilikuwa karatasi tu. Hebu tulitazame kwa makini, kwani pasipo kulitazama haitadhihirika ni hasara gani tunayoizungumzia.

Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima katika mashamba ya jumla chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, wakidhani kwamba wameukata mzizi. Mzizi haukukatika. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilivamia boma la Mahenge, wakapokewa na bunduki za bombomu, wakaanguka mamia kwa mamia. Hapo ikawa dhahiri kwa kila mwenye macho kwamba maji hayazuii risasi.

Sasa, kama imani ya maji ndiyo iliyowaongoza watu vitani, na kama imani hiyo ilivunjika Mahenge mwezi wa pili wa vita, mbona wananchi waliendelea kupigana mpaka mwaka 1907? Swali hili halimo katika kijitabu chochote cha majibu nilichopata kukiona mikononi mwa mwanafunzi. Na hata hivyo ndilo linalofungua mlango. Anayejiuliza hivyo atalazimika kukiri kwamba pamba ya lazima, kodi, viboko vya maakida na kazi za shuruti havikuondolewa na risasi za Mahenge. Sababu ya kupigana ilikuwa ingalipo. Wapiganaji wakabadili mbinu, wakaacha kuyakabili maboma mchana kweupe, wakaingia porini na kupigana kwa kuvizia.

Na hapo ndipo njaa inapoingia. Ofisa mmoja wa jeshi la Wajerumani alimwandikia Gavana von Götzen mwaka 1905 kumweleza kwamba mapigano peke yake hayatawatiisha watu hawa, na kwamba kitakachowatiisha ni njaa. Vikosi vikateketeza vijiji, vikachoma mazao mashambani, vikachukua nafaka maghalani. Njaa iliyoikumba kusini mwa nchi yetu haikuletwa na ukame wala nzige. Ilipangwa mezani. Serikali ya Kijerumani ilikisia kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gwassa, aliyezunguka katika maeneo hayo kuwahoji wazee, alikisia kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Kwa hiyo msichana yule alikuwa ameshika jambo zito. Njaa kwa ofisa wa Kijerumani ilikuwa ni silaha. Kwa mpiganaji aliyekuwa porini ilikuwa ni sababu ya kuweka mkuki chini. Kwa mtoto aliyezaliwa Ungoni baada ya vita ilikuwa ni matokeo. Insha nzima ya kurasa nne ingeweza kuandikwa juu ya neno hilo moja, na ingekuwa insha bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Badala yake nilimfundisha msichana huyo kwamba njaa ni alama mbili: moja huku na moja kule.

Daftari langu lilikuwa na vichekesho vingine pia. Ukurasa mmoja ulisema kwamba wananchi walishindwa kwa sababu ya ukosefu wa umoja, maana Wahehe, ambao nguvu yao ilikwisha vunjwa baada ya kifo cha Mkwawa mwaka 1898, hawakuingia vitani. Ukurasa wa pili ulisema kwamba umuhimu mkubwa wa vita hivi ni kuyaunganisha makabila mengi ya kusini dhidi ya adui mmoja. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza iwapo watu haohao walikuwa na umoja au hawakuwa nao. Majibu yote mawili yalipata alama. Nani basi angejisumbua kuuliza?

Tutazame sasa jinsi mwanafunzi anavyojiandaa. Majuma machache kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, au wa Kidato cha Sita mwezi wa Mei, hukusanywa maswali ya miaka iliyopita. Jambo hilo peke yake si baya; mwanafunzi anapaswa kujua maswali huulizwa kwa namna gani. Ubaya unaanza pale ambapo kwa kila swali hutafutwa jibu lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, katika makabrasha ambayo wanafunzi wenyewe huyaita "madesa". Makabrasha hayo huuzwa na kurudufiwa, hukaririwa usiku kucha, miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji baridi ili usingizi usije. Kisha huanza kazi ya utabiri. Wanafunzi huhesabu kwamba swali la biashara ya masafa marefu lilitoka mwaka juzi, kwa hiyo mwaka huu halitatoka; la mapinduzi ya viwanda lina miaka mitatu halijaonekana, kwa hiyo litatoka. Vijana wenye akili timamu hutumia hekima ya wapiga ramli, na walimu wao huwasaidia kutupa vibuyu.

Siku ya mtihani ikifika, kijana huingia na majibu arobaini kichwani. Husoma swali si kwa ajili ya kulielewa, bali kwa kutafuta ni jibu lipi kati ya yale arobaini linalofanana nalo. Akiona maneno "Maji Maji" kalamu huanza kukimbia. Hajali kama ameambiwa aeleze, alinganishe, ajadili au atathmini. Wenyewe husema wanakwenda "kushusha nondo", na ni kweli: hushusha mzigo kama kuli wa bandarini, asiyehitaji kujua kilichomo katika kasha. Taarifa za uchambuzi wa majibu zinazotolewa na Baraza la Mitihani zimekuwa zikieleza mwaka hadi mwaka kwamba watahiniwa wengi hushindwa kutambua matakwa ya swali. Taarifa hizo hufika mashuleni. Nahofia kwamba katika ofisi nyingi za walimu wakuu hufanya kazi ya kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Lakini tusimlaumu kijana. Kijana ni mwerevu. Amesoma alama za nyakati. Ameona kwamba katika mitihani yetu ya shuleni na ya majaribio swali huandikwa "eleza hoja sita", na kwamba msahihishaji hupita na kalamu nyekundu akihesabu kama karani wa ghala: moja, mbili, tatu. Ameona kwamba mwenzake aliyeandika hoja tatu akazithibitisha kwa tarehe, mahali na mifano, akaonyesha ipi ilizaa ipi, amepata nusu ya alama. Na yule aliyetaja sita kwa sentensi mbilimbili zisizo na damu amezipata zote. Maadamu tunalipa kwa kipimo cha idadi, tutaletewa idadi.

Nazijua hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito.

Hoja ya kwanza ni ya haki. Walimu wenzangu wameniambia mara nyingi kwamba kuhesabu hoja ndiyo njia pekee ya kuhakikisha kwamba msahihishaji wa Kagera na msahihishaji wa Mtwara watampa mtoto mmoja alama moja. Tukiruhusu msahihishaji apime hoja, wanasema, tutaruhusu upendeleo, uvivu na hata hongo. Siidharau hofu hiyo. Lakini hebu tujiulize: ni haki gani hiyo ya kumpa aliyefikiri na aliyekariri alama zilezile? Mizani inayosoma kilo moja kwa dhahabu na kilo moja kwa mawe haijasema uongo, lakini hakuna sonara atakayefanya biashara kwa kuitegemea peke yake. Inawezekana kabisa kuandika vigezo vya kupima insha kwa ngazi: hii imetaja tu, hii imeeleza, hii imethibitisha kwa ushahidi, hii imepima uzito wa sababu moja dhidi ya nyingine na kufikia uamuzi. Wasahihishaji wakisoma kwanza karatasi kumi zilezile, wakajadiliana mpaka wakakubaliana kila ngazi inafananaje, tofauti zao zitapungua. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuhesabu. Kadhalika kufundisha ni kugumu kuliko kunakilisha.

Hoja ya pili ni ya lugha, nayo naikubali karibu yote. Kijana ambaye tangu darasa la kwanza alifundishwa kwa Kiswahili hujikuta Kidato cha Kwanza akitakiwa kueleza maisha ya babu zake kwa Kiingereza. Hana maneno ya kubishana nayo. Mtu asiye na maneno hana njia ila kuazima ya mwenzake, na hiyo ndiyo maana halisi ya kukariri. Nimewaona wanafunzi waliobishana vikali na kwa busara juu ya Operesheni Vijiji walipokuwa chini ya mwembe, kisha wakaingia darasani na kuandika sentensi sita za kasuku. Ujinga haukuwa wao.

Hata hivyo kisingizio hicho kimeanza kutuponyoka. Mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza kijana wa sekondari anaweza kuandika insha ya historia ya nchi yake kwa lugha anayoiota. Jambo hili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo maana nalipiga kelele sasa, wakati somo lingali changa na desturi zake hazijakomaa. Tayari nimeonyeshwa makabrasha ya Kiswahili yenye vichwa vilevile: sababu sita, faida sita, changamoto sita. Tukiyaacha yaote mizizi, tutakuwa tumethibitisha kwamba tatizo halikuwa Kiingereza peke yake, na kwamba kasumba inaweza kuzungumza Kiswahili sanifu.

Hoja ya tatu ni wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi sabini sabini hawezi kusoma insha mia mbili na kumi kila juma. Ni kweli, na atakayemwambia afanye hivyo hajawahi kushika chaki. Lakini nani alisema kila insha isomwe na mwalimu? Wanafunzi wakibadilishana karatasi, kila mmoja akatakiwa kuandika pembeni mwa insha ya mwenzake pingamizi moja tu, "umejuaje?", watakuwa wamejifunza zaidi ya muhula mzima wa kunakili. Mwalimu atasoma kumi kati ya hizo na kuzisema hadharani. Nilijaribu njia hii katika mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha, nikiwa nimechelewa mno. Juma la kwanza palikuwa na fujo. Juma la tatu kijana mmoja alikataa kumrudishia mwenziwe karatasi mpaka aambiwe ni wapi imeandikwa kwamba machifu wote waliwasaidia wakoloni.

Yatupasa kukumbuka pia kwamba jambo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 alikuwa akifundisha Historia pale Pugu, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967 kwamba mitihani tuliyoirithi ilipima uwezo wa mtu wa kujifunza mambo na kuyatoa pale yanapodaiwa, wala haikupima uwezo wake wa kufikiri. Mwaka 1971 tulijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza letu wenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe ndio hakimu pekee na kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe. Tulibadili mengi, na kwa haki tunajivunia. Tuliiondoa historia ya Dola ya Waingereza, tukamweka Kinjikitile, Mkwawa na Mirambo. Lakini tuliwaketisha katika kiti kilekile. Babu zetu walikariri majina ya magavana. Wajukuu wanakariri sababu za kuwapinga.

Na haikuwa lazima iwe hivyo, maana mfano ulio bora ulikwisha fanyika hapahapa nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Dar es Salaam, wakati chuo chao kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini wakiongozwa na waalimu wao, akina Gwassa na John Iliffe, kukusanya ushuhuda wa wazee juu ya Maji Maji. Vijana wale hawakupewa hoja sita. Walipewa daftari tupu. Waliketi na wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, wakaandika walichosikia, wakalinganisha maneno ya mzee huyu na ya yule, na ya wote wawili na majalada ya Wajerumani. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita vile, pamoja na hayo niliyoyaeleza hapo juu, yametokana na kazi ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba matunda ya udadisi huo ndiyo tuliyoyakausha na kuyafunga katika vifurushi vya sita sita.

Wazee wa Maji Maji wamekwisha kufa. Lakini wangali hai mamia kwa maelfu waliohamishwa makwao wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya sabini. Hakuna darasa katika nchi hii ambalo halina mtoto mwenye bibi anayekumbuka lori lililobeba mlango wa nyumba yake. Mtoto huyo hukariri faida na hasara za vijiji, akafaulu, na hakuwahi kumwuliza bibi yake neno hata moja.

Mtumishi wa serikali anayesoma makala haya ofisini mwake labda amekwisha sema kimoyomoyo kwamba haya ni mambo ya walimu. La, ndugu. Yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Chukua taarifa iliyo mezani kwako sasa hivi, ile ya mradi wa maji uliokwama, na uifungue penye matatizo. Utakuta yameorodheshwa: ukosefu wa fedha, upungufu wa watumishi, uhaba wa vyombo vya usafiri, miundombinu mibovu, mwamko mdogo wa wananchi, na mabadiliko ya hali ya hewa. Yahesabu. Aliyeiandika hakusema ni lipi lililotangulia, wala ni lipi lililozaa jingine. Hakuonyesha ni kwa ushahidi gani amejua kwamba wananchi wana mwamko mdogo, ilhali hao ndio waliochimba mtaro wa bomba kwa mikono yao. Hakuthubutu kupima ni lipi kati ya sita lingeondolewa kwanza ili mengine yalegee. Katika mapendekezo ameandika kwamba fedha iongezwe, watumishi waongezwe, vyombo vya usafiri viongezwe. Ofisa huyo hakuwa mvivu. Alipata daraja la kwanza. Anafanya kile hasa tulichomfundisha, na mshahara wake ni alama zake.

Wananchi wa kijiji kile wanaendelea kuchota maji kisimani. Hiyo ndiyo bei ya insha ya hoja sita, na hailipwi na mtahiniwa.

Nitaulizwa: basi mwanafunzi ajiandae vipi? Aache kukariri kabisa? Hapana. Tarehe, majina na mahali havina budi kukaa kichwani, kwani asiye na matofali hajengi. Lakini afadhali ajue mada chache kwa undani, aweze kuzigeuza huku na huko, kuliko kubeba majibu arobaini ambayo hayageuziki. Kwa kila mada ajiulize nani alinufaika, nani alilipa, nini kilibadilika na nini kilibaki vilevile, na mtu anayepinga angesema nini. Asome walau kitabu kimoja cha historia toka jalada hadi jalada, ajionee jinsi mtu mzima anavyojenga hoja na kuitetea. Kila juma aandike insha moja kwa dakika arobaini, daftari likiwa limefungwa, maana anayejizoeza kwa kusoma tu ni kama mwogeleaji aliyejifunzia mkekani. Na akiwa ndani ya chumba cha mtihani asiiguse kalamu kwa dakika tano za kwanza. Asome swali mpaka aweze kulijibu kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo utangulizi. Aya zinazofuata ni ushahidi wake, na ile iliyo ngumu kuliko zote ndiyo inayoutazama ushahidi ulio kinyume chake. Hitimisho ni uamuzi, baada ya mashahidi kusikilizwa.

Hayo hayatafanyika maadamu maswali yenyewe hayabadiliki, na hapa nina ombi mahususi kwa maofisa elimu na kwa walimu wanaotunga mitihani ya majaribio ya mikoa. Mitihani hiyo iko mikononi mwenu. Haihitaji tume wala kikao cha Bunge. Katika mtihani ujao ondoeni swali moja tu la "eleza hoja sita", na mahali pake mwekeni hili. Mpeni mtahiniwa karatasi moja yenye vitu vitatu: maneno ya ofisa wa Kijerumani wa mwaka 1905 juu ya njaa, ushuhuda wa mzee mmoja kati ya wale waliohojiwa mwaka 1968, na orodha ya tarehe, kuanzia Nandete mpaka mwaka 1907. Chini yake aulizwe: je, njaa ilikuwa ni sababu ya kushindwa kwa wananchi katika Vita vya Maji Maji, au ilikuwa ni matokeo? Apewe dakika arobaini. Katika mwongozo wa kusahihisha msiandike idadi ya hoja.